Unga Mweusi Uliofuata Sumaku

Mama jirani yetu kule Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi, alikuja mlangoni asubuhi moja ameshika kisu cha jikoni kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya nje kwa mkia. Kisu kilikuwa chekundu. Si wekundu wa kutu. Kiling'aa kama bangili mpya.

"We unafanya kazi mu labo," akaniambia. "Onako hii. Jana nilikiacha mu beseni ya maji. Leo kiko hivi. Hii njo uchawi ama njo nini?"

Nilikikwaruza kwa ukucha. Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, mwaka wangu wa tatu katika maabara ya kampuni, na rangi ile niliijua kuliko rangi za vitenge vyangu. Shaba ikiwa imeyeyuka majini, ukiiwekea chuma, huyaacha maji ikakivaa kile chuma. Kiwandani tulikuwa tukiwaonyesha wageni jambo hilo kwa msumari, nao walikuwa wakipiga makofi.

"Si uchawi, mama. Ni shaba."

"Shaba mu maji ya kunywa?"

"Umechota wapi?"

"Kule chini, mu kamto. Bomba haitoke tangu juma ingine." Akakitazama kisu chake upya, akakipindua. "Kumbe tunakunywa utajiri wa nchi, na tungali tunavaa hivi hivi."

Tulicheka, naye akaondoka na kisu chake. Lakini nilipobaki peke yangu niliitazama ndoo yetu wenyewe, ambayo mdogo wangu alikuwa ameijaza kwenye mto uleule.

Ni lazima niseme kwamba kampuni ilikuwa imetuzoesha vibaya. Ilitupa nyumba, shule, hospitali, unga wa mahindi kila mwezi, na bendi ya matarumbeta iliyopita barabarani siku za sikukuu. Kisha ikaanza kupoteza vitu kimoja kimoja, kama mzee anayeng'oka meno. Bendi ndiyo iliyotangulia. Likafuata basi la wafanyakazi, halafu simu za ofisini, halafu taa za barabarani. Pampu ya maji ya kambi yetu ilipokufa, fundi aliifungua, akatazama ndani, akaifunga tena kwa heshima kama anayefunga jeneza. Kipuri chake hakikuwapo nchini. Kwa hiyo watu waliteremka mtoni, na mto ule ulipita chini ya lundo la matope yaliyotoka kiwandani.

Nilichukua maji yale kwenye chupa ya bia nikaenda nayo kazini.

Mkuu wetu wa maabara tulimwita tata shefu, yaani baba mkuu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama kama kisu. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba madini akiwa kijana. Yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, akasoma Musonoi, akaolea Musonoi, na Kasai hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Alikuwa na tabia ya kuisemesha mizani kabla ya kuitumia. "Amka, mama," alikuwa akiiambia, "watu wanangoja."

Alimimina maji ya mto kwenye bilauri, akadondoshea amonia. Maji yakawa bluu, bluu iliyokolea kama wino, dalili ya shaba. Akavua miwani.

"Batoto bananywa hii?"

"Wanakunywa, tata."

"Na weye?"

"Na mimi."

Aliivaa tena, akasema neno lililonishangaza, kwa kuwa maabara yetu ilikuwa imejengwa kupima shaba ili iongezeke, si ili itoke. "Basi tuitoe."

Chokaa tulikuwa nayo, nayo ilifanya sehemu kubwa ya kazi. Ukiyatia maji yale chokaa kidogo, ukali wake unapungua na shaba nyingi inazama chini kama uji. Lakini hata baada ya kuyachuja, tone la amonia lilileta bado kivuli cha bluu. Tata shefu hakukitaka kivuli hicho. Kabatini mwake kulikuwa na majarida ya Kifaransa ya zamani, yaliyoliwa na mchwa pembeni, na humo alikuwa amewahi kusoma juu ya unga mweusi wa chuma ambao unanasa madini yaliyomo majini, kisha wewe unaunasa unga wenyewe kwa sumaku.

"Punje zake ni ndogo kuliko unga wa sembe," alinieleza. "Ndogo kuliko moshi. Jicho haliwezi."

"Na udogo unasaidia nini?"

"Mkate mzima unaupaka majarini wapi?"

"Juu."

"Na ukiukata vipande hamsini?"

Nikaona. Majarini inakwisha kabla mkate haujakwisha. Shaba ndiyo majarini yetu, na sisi tulihitaji mkate uliokatwa vipande visivyohesabika.

Tuliutengeneza kwa misumari mikuukuu. Tuliiyeyusha kwa asidi mpaka ikatoa maji ya kijani. Sehemu moja tuliiacha kijani, na sehemu mbili tukazichemsha kwa asidi nyingine mpaka zikawa za kahawia. Halafu ulipaswa kuzichanganya na kumimina soda kali, na hapo weusi ungetokea. Mara ya kwanza haukutokea. Yale maji ya kijani tulikuwa tumeyaacha wazi Jumamosi na Jumapili nzima, hewa ikayageuza, na Jumatatu tukapata tope la rangi ya matofali. Tulilisogezea sumaku. Tope halikujali hata kidogo.

"Limekataa ndoa," akasema tata shefu, akalimwaga.

Mara ya pili tulifanya kazi yote kwa siku moja, yeye akimimina, mimi nikikoroga kwa kijiti cha kioo. Sitasahau namna weusi ulivyoingia. Haukuja polepole kama chai inavyokolea. Ulikuja mara moja, chombo kizima, kana kwamba mtu amezima taa ndani yake. Tulikuwa na sumaku ya spika iliyoungua, niliyopewa na mwenye baa mmoja kule mtaa wa Manika. Tata shefu aliisogeza ubavuni mwa bilauri. Unga ukaamka. Ukatembea wote ndani ya maji ukaja kujibana kwenye kioo, mbele ya sumaku, na nyuma yake maji yakabaki meupe. Mtu yule wa mikunjo ya pasi alipiga makofi mawili, akatazama mlangoni kama kuna aliyemwona.

Tukauosha unga, tukautia kwenye maji ya mto yaliyokwisha kupita chokaa, tukakoroga, tukangoja, tukauvuta kwa sumaku. Amonia. Hakuna bluu. Tukadondosha tena. Hakuna.

"Na kobalti?" nikauliza. "Na risasi?"

Akaionyesha kwa kidevu ile mashine kubwa ya kona, iliyokuwa ikipima kila kitu na ambayo gesi yake ilikwisha zamani. "Hapo hatujui. Usimwambie mtu kwamba tunajua." Hilo nimelishika maisha yangu yote.

Basi kwa miezi kadhaa nikawa mtu maarufu Musonoi. Jioni baada ya kazi wanawake walileta ndoo uani kwetu: chokaa kwanza, halafu kijiko cha unga mweusi, koroga, ngoja, kalisha ndoo juu ya sumaku, mimina taratibu. Mama jirani aliuita masizi ya labo. Kila nilipomaliza kundi la ndoo niliurudisha unga maabara, nikauosha kwa asidi hafifu, nao uliitema shaba yote, maji ya kuoshea yakatoka bluu, na unga ukawa tayari kufanya kazi tena. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa vikifa pale, kimoja kilikuwa kinafufuka kila Ijumaa, nami nilitembea na furaha hiyo mjini kote.

Wakati huohuo redioni na kwenye mikutano wakubwa walianza kusema kwamba wenye asili ya Kasai wamekula kazi za wenye nchi na warudi kwao. Mwanzoni tulicheka, maana kwao ni wapi kama si hapa? Baadaye vijana wakaanza kupita mitaani wakiimba. Watu tuliosali nao wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mimi familia yangu inatoka kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huohuo, kwa hiyo hakuna aliyenigusa. Nasema hivyo bila kujisifu. Nilikuwa upande ambao mvua haikunyesha, basi.

Mama jirani alinivuta pembeni siku moja. "Banasema shefu wenu naye atatoka."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na dawa ya maji? Atatuachia?"

Nilimkasirikia sana. Lakini usiku ule nilikumbuka kwamba hata mimi, niliposikia habari hizo, wazo langu la kwanza lilikuwa juu ya nani atanionyesha kipimo sahihi cha soda.

Tata shefu alikuja kazini mpaka siku ya mwisho aliyoweza. Asubuhi moja nyumba yake ilizungukwa, akapewa muda wa kufunga mizigo tu. Nilifika maabara nikakuta koti lake kwenye msumari na hakuna mtu aliyeisemesha mizani. Nilingoja mpaka saa nne. Halafu nikavua langu, nikaenda stesheni, walikokusanyika waliofukuzwa.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imejaa watu kama soko, ila hakuna aliyeuza. Familia zilikaa juu ya magodoro, chini ya maturubai na mabati, zikingoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilimkuta tata shefu amekalia beseni lililofudikizwa, na tai shingoni. Mkewe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akifunga na kufungua furushi lilelile.

"Sampuli ya jana ya mgodi wa Mashamba ilitoa ngapi?" aliniuliza, kabla hata ya salamu.

"Sijaimaliza, tata."

"Muone huyu," akasema mkewe. "Yeye anauliza sampuli. Mi nauliza sufuria yangu iko kwa nani."

Tulicheka watatu, halafu mama akalia, halafu akacheka tena kwa kuwa kamasi zilimtoka. Nilipouliza wanakunywa nini, tata shefu alinipa kikombe. Bomba la stesheni lilikuwa kavu, na watu walikuwa wakichota kwenye mfereji uliotoka upande wa viwanda. Sikuhitaji amonia. Ulimi ulitosha, ilikuwa kama kulamba kitasa. Watoto walikuwa wakitapika.

"Unga umebaki kiasi gani?" akauliza.

"Makopo mawili ya maziwa."

"Leta moja. Na sumaku. Lile lingine liache Musonoi, na mwombe mwenye baa sumaku nyingine."

Kesho yake nilitoka na mfuko wa kitenge: kopo la unga, chokaa, na ile sumaku ya spika imefungwa gazeti. Karibu na stesheni vijana walikuwa wameweka kizuizi cha gogo. Mmoja alikuwa mtoto wa mama jirani, kijana mkubwa wa rika la mdogo wangu, ambaye nilimfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya chupa. Alikuwa na panga.

"Yaya, umebeba nini?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Vitu vya labo."

Alilinyoosha lile panga afunue mfuko kwa ncha yake, na sumaku ikalidaka. Kilisikika kishindo, ta! Akavuta, panga likaja na mfuko wangu wote. Akavuta tena, mfuko ukanivuta mkono, tukawa tunavutana yeye na mimi kama wanawake wanaogombea kitenge sokoni. Wenzake walianza kucheka. Mmoja alipiga magoti kwa kicheko. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisikiliza, ulisema: "Ngoja, ngoja, usivute hivyo, telezesha pembeni." Naye akatelezesha, kwa utiifu kabisa, na panga likaachia.

Alipoliona kopo aliacha kucheka. Alilijua. Mama yake alilitumia kila jioni.

"Unawapelekea bale?"

"Kwenu mnakunywa maji ya nani?" nikamwambia kwa sauti ndogo, asisikie mwingine. "Nani aliyeutengeneza unga huu?"

Alitazama wenzake, akatazama kopo. "Mi najua, yaya," akasema. "Pita." Akanigeuzia mgongo. Ningependa kusema kwamba alitupa panga akaenda nyumbani. Hakufanya hivyo. Jioni niliporudi alikuwa palepale, na siku zilizofuata pia. Ila kila niliponyanyua gogo kupita, alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Pale stesheni wanawake hawakumwamini tata shefu hata kidogo. "Unatia masizi mu maji halafu unasema yako safi?" mmoja akamwuliza, mikono kiunoni. Tata shefu alipanga mambo yake juu ya sanduku kana kwamba yuko maabara: chokaa, ngoja, mimina, unga, koroga. Ndoo ikawa nyeusi tii, watu wakaguna. Halafu akaikalisha juu ya sumaku. Weusi ukateremka, ukakusanyika chini, na akamimina polepole kwenye beseni jeupe la mkewe. Maji yakatoka maangavu. Mwanamke yule wa mikono kiunoni alichovya kidole, akaonja, akasema, "Haina tena ladha ya ufunguo," na ndoo zikaanza kupanga mstari.

"Bado!" akapaza sauti tata shefu. "Hii inatoa shaba. Haitoe kuhara! Muchemshe, mama zangu, muchemshe!" Aliirudia kila siku mpaka akakauka koo. Kuni zilikuwa shida, kwa hiyo hakusikilizwa kila mara. Palikuwa na ugonjwa wa tumbo, na watu walizikwa ng'ambo ya reli, wengi wakiwa wadogo. Lazima niliandike hilo pia. Unga wetu ulifanya kazi yake moja. Lakini kwa kazi hiyo moja, watoto wa upande wetu wa jukwaa waliacha kutapika yale matapishi ya kijani, na mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake kama mdudu alisimama tena mbele ya watu na kueleza mambo, nao wakamwita shefu.

Nilikuwa nikilichukua kopo kila Ijumaa kuliosha maabara na kulirudisha Jumamosi. Majuma yakapita hivyo.

Treni ilikuja asubuhi ya siku ya kazi, bila taarifa. Nilisikia honi nikiwa kwenye mizani, nikakimbia na koti langu. Nilipofika watu walikuwa wakipanda kwa madirisha. Tata shefu alikuwa mlangoni mwa behewa la mizigo akipokea watoto kama mtu anayepakia matofali, wake na wa wenzake. Aliniona, akapiga kelele kitu fulani kuhusu soda, ambacho sikukisikia. Mkewe alinisukumia mikononi kuku hai aliyefungwa miguu.

"Hawamtaki ndani!" akasema. "Chukua! Anataga vizuri!"

Hivyo ndivyo tulivyoagana. Nilirudi Musonoi kwa miguu nikiwa nimevaa koti la maabara, nimebeba kuku, nikilia waziwazi, na watu walinipisha.

Siku zilizofuata nilipewa nafasi ya mkuu wa maabara, maana hakubaki mwingine anayejua. Niliikubali. Kwa muda fulani niliweza kutengeneza unga, mpaka asidi ikaisha na soda ikafuata. Hapo parokia ikachimba kisima upande wa juu, na wanawake wakaacha kuja uani kwetu, jambo ambalo lilinifurahisha na kuniuma.

Ilipita miaka mingi kabla sijapanda treni ileile kwenda Kasai. Nilikuwa nimeolewa, nimezaa, nimepata mvi. Mtu wa kanisani alikuwa ameniambia kwamba tata shefu yuko Mwene-Ditu, anafundisha kemia. Nilimkuta darasani, miwani mingine, mikunjo ileile. Alikuwa akiwafundisha kwa Kifaransa, na wanafunzi wakinong'onezana kwa Kiluba cha Kasai. Aliponiona mlangoni alipaza sauti: "Eeh mama! Weye njo unafika sasa hivi?" Darasa zima likaangua kicheko. Hawakuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Walidhani wamefundishwa siku zote na mtu mwingine.

Nyumbani mkewe alinipikia fufu na majani ya muhogo. Waliniambia kwamba hapo walipofika waliitwa Wakatanga, na mpaka leo wanaitwa hivyo. Maji yao ni ya chemchemi. Tata shefu aliyapima mara ya kwanza alipopata amonia, na hayakuwa na kitu. "Nilisikia upweke," akasema, na sikujua kama anatania.

Mama alingoja mpaka mumewe ametoka kunawa. Akasogeza kiti chake karibu.

"Nani anakaa mu nyumba yetu?"

Nikamwambia. Ni familia ya polisi, watoto sita, wamepaka milango kijani.

"Na avoka yangu?" Aliulizia mparachichi wake.

"Ipo. Imekuwa kubwa, inafika kwenye bati. Wanauza matunda yake sokoni Manika."

Alifikiri kidogo, mkono shavuni.

"Bananipa hasira," akasema. "Ni matamu?"

"Matamu, mama. Mi mwenyewe hununua."

Akanipiga kofi la begani, kofi la kweli, lililouma. Halafu akachukua sahani yangu akaniongezea majani.